Skripti Moja kwa Kompyuta Zote: Somo la Kulinda Hesabu za Kikundi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la vikundi vingi vya akina mama, vijana na wafugaji limo ndani ya kompyuta, na hapo ndipo tatizo jipya linapoanzia. Chukua mfano wa kikundi kimoja. Katibu ana laptopu ya Windows. Mweka hazina anatumia kompyuta ya chuo cha ufundi, ambayo ni ya Linux. Mwanachama anayefanya kazi Nairobi ana Mac. Maagizo yaliyotayarishwa kwenye mashine ya katibu hayafanyi kazi kwingine, kwa hivyo kila kitu kinamtegemea yeye na laptopu yake. Laptopu hiyo ikiibwa, au ikiungua umeme unapopanda ghafla, hesabu za mwaka mzima huenda nayo. Wanachama huachwa wakibishana nani alilipa na nani hakulipa.

Somo hili linamwonyesha mkazi, hatua kwa hatua, jinsi ya kuandika skripti mbili fupi zinazofanya kazi bila kubadilishwa katika Windows, Linux na Mac. Ya kwanza inajumlisha michango. Ya pili inatoa nakala ya hesabu na kuiweka kwenye flashi. Anayeweza kuchapa na kuhifadhi faili anaweza kufuata somo lote, na programu inayotumika ni ya bure.

Katiba ya 2010 iliweka vyama vya ushirika na vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Ndiyo sababu mfano wa somo umechukuliwa kwenye hesabu za kikundi. Ujuzi wenyewe unafaa pia duka, shamba, shule au kanisa na msikiti wenye orodha ya kutunza.

SKRIPTI NI NINI?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine. Windows, Linux na macOS ni mifumo endeshi. Watu wengi huwasiliana nayo kwa kubofya picha. Njia ya zamani zaidi, ambayo bado imo katika kompyuta hizi zote, ni kuchapa amri. Amri huchapwa katika dirisha liitwalo terminali: mtu anaandika neno, anabonyeza Enter, kompyuta inajibu.

Skripti ni orodha ya amri zilizoandikwa katika faili moja ili zitekelezwe kwa mpangilio. Inafanana na maagizo ambayo mzazi huacha asubuhi anapoenda sokoni: fungulia mbuzi, jaza mtungi, kisha uteleke maharagwe saa sita. Tofauti ni kwamba mtoto hutumia akili akikuta mtungi umevunjika. Kompyuta haitumii. Hufanya kilichoandikwa tu, na ikikuta jambo lisilotarajiwa husimama, au vibaya zaidi, huendelea huku ikikosea.

Faida yake ni hii: kazi ikiandikwa vizuri mara moja, itafanyika vile vile kila Jumamosi, hata kama kikundi kimechagua katibu mwingine.

KWA NINI MASHINE HAZIELEWANI

Mwaka 1969, katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo uliokuja kuitwa Unix. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ilifuata mtindo huo. Mfumo wa Mac wa leo pia ni wa ukoo wa Unix. Windows ilirithi desturi zake nyingi kutoka ukoo mwingine, ule wa MS-DOS iliyotolewa mwaka 1981. Koo hizi mbili zinatofautiana katika mambo matatu yanayowasumbua wanaoanza.

La kwanza ni anwani ya faili. Folda iitwayo kikundi hupatikana hivi katika kila mfumo:

C:\Users\katibu\kikundi
/home/katibu/kikundi
/Users/katibu/kikundi

Mstari wa kwanza ni wa Windows, wa pili ni wa Linux, wa tatu ni wa Mac. Windows hutenganisha folda kwa mkwaju uliolalia nyuma, na wenzake kwa mkwaju wa kawaida. Chanzo ni cha kihistoria. Toleo la kwanza la MS-DOS halikuwa na folda, na mkwaju wa kawaida ulitumiwa kuonyesha machaguo ya amri. Folda zilipoletwa mwaka 1983 katika toleo la pili, alama hiyo ilikuwa tayari ina kazi. Ikachukuliwa ile ya kinyume.

La pili ni mwisho wa mstari. Mashine za teleprinta za zamani zilihitaji hatua mbili ili kuanza mstari mpya: kurudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni, kisha kusogeza karatasi. Windows imebaki na alama mbili mwishoni mwa kila mstari. Linux na Mac hutumia moja. Alama hizo hazionekani kwa macho, lakini skripti iliyoandikwa kwa amri za Linux yenyewe na kuhifadhiwa kwa desturi ya Windows inaweza kugoma bila sababu inayoonekana.

La tatu ni herufi kubwa na ndogo. Kwa Linux, Michango.csv na michango.csv ni faili mbili tofauti. Kwa Windows na Mac, kwa kawaida, ni faili moja. Katibu anayechanganya herufi hatagundua kosa lake mpaka siku faili zitakapohamia Linux.

Suala hili limekuwa la haraka zaidi tangu Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilipokoma kutoa huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, lakini bado zinaweza kuendeshwa na Linux. Kikundi kinachohamisha mashine yake kinahitaji maagizo yatakayohama nayo.

AMRI TANO ZINAZOELEWEKA KOTE

Hatua ya kwanza ni kufungua terminali. Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika PowerShell kisha bonyeza Enter. Katika Mac, bonyeza Command na Space kwa pamoja, andika Terminal, kisha Enter. Katika Ubuntu na aina nyingi za Linux, bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja.

Sasa chapa amri hizi moja moja, ukibonyeza Enter baada ya kila moja:

whoami
hostname
echo Habari
mkdir kikundi
cd kikundi

Ya kwanza inataja jina la mtumiaji. Ya pili inataja jina la kompyuta. Ya tatu inarudia neno uliloliandika. Ya nne inaunda folda iitwayo kikundi, na ya tano inaingia ndani ya folda hiyo. Zote tano zinafanya kazi katika mifumo yote mitatu.

Baada ya hapo njia zinaanza kuachana. Kuona orodha ya faili, Linux na Mac husema ls, ilhali amri ya jadi ya Windows ni dir. Kunakili ni cp huku na copy kule. Kufuta ni rm huku na del kule. PowerShell huelewa ls, cp na rm, lakini si kwa machaguo yote yanayokubalika katika Linux. Tahadhari moja ni muhimu: faili iliyofutwa kwa rm au del haiendi kwenye pipa la taka. Imekwenda. Anayejifunza asizitumie kwenye folda yenye hesabu halisi.

LUGHA YA SOKONI

Watu wa lugha tofauti wakikutana sokoni, hakuna anayelazimika kujifunza lugha ya mama ya kila muuzaji. Wote huongea Kiswahili. Kwa kompyuta, lugha ya namna hiyo ipo. Skripti huandikwa kwa lugha ambayo mifumo yote inaielewa, na lugha yenyewe hubeba mzigo wa kutafsiri mikwaju na miisho ya mistari.

Somo hili linatumia Python, lugha iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Si hiyo pekee. PowerShell nayo imekuwa ikipatikana kwa Linux na Mac tangu 2016. Python imechaguliwa kwa sababu aina nyingi za Linux huja nayo tayari na amri zake ni rahisi kusoma. Toleo linalohitajika ni la 3. Toleo la 2 liliacha kuhudumiwa Januari 1, 2020, na mafunzo ya zamani yanayolitumia yatampotosha anayeanza.

Katika Windows, Python hupakuliwa bila malipo kutoka tovuti ya python.org. Katika Mac, kuandika python3 kwenye terminali kwa mara ya kwanza huleta ujumbe wa kukubali usakinishaji. Kuhakikisha kwamba ipo, chapa amri ya kwanza hapa chini ukiwa kwenye Windows, au ya pili ukiwa kwenye Linux na Mac:

py --version
python3 --version

Jibu likianza na Python 3, kazi inaweza kuendelea. Hii ndiyo tofauti pekee ya kukumbuka katika kuendesha skripti: Windows husema py, wenzake husema python3.

SKRIPTI YA KWANZA: KUJUMLISHA MICHANGO

Hesabu zinawekwa katika faili ya maandishi matupu ambamo koma hutenganisha safu. Faili za aina hii huishia na csv, na programu za majedwali kama Excel na LibreOffice huzifungua. Unda faili iitwayo michango.csv ndani ya folda ya kikundi na uandike:

tarehe,mwanachama,kiasi
2025-03-01,M01,500
2025-03-01,M02,500
2025-03-08,M01,300

Kisha unda faili nyingine katika folda hiyo hiyo, iitwayo jumla.py:

import csv
from pathlib import Path

faili = Path.home() / "kikundi" / "michango.csv"
jumla = 0
idadi = 0

with open(faili, encoding="utf-8-sig", newline="") as f:
    for mstari in csv.DictReader(f):
        jumla = jumla + int(mstari["kiasi"])
        idadi = idadi + 1

print("Mistari iliyosomwa:", idadi)
print("Jumla ya michango: Sh", jumla)

Skripti huandikwa kwa programu ya maandishi matupu: Notepad kwa Windows, TextEdit kwa Mac baada ya kuchagua maandishi matupu, au nano kwa Linux. Isiandikwe kwa Word, kwa sababu Word hubadilisha alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na Python haizikubali. Anayetumia Notepad achague aina ya faili zote anapohifadhi, la sivyo faili itaitwa jumla.py.txt.

Ukiwa bado ndani ya folda ya kikundi, endesha skripti kwa amri ya mfumo wako:

py jumla.py
python3 jumla.py

Jibu linapaswa kuwa:

Mistari iliyosomwa: 3
Jumla ya michango: Sh 1300

Maneno Path.home() ndiyo kiini cha somo. Humaanisha "folda ya nyumbani ya anayetumia kompyuta hii, popote ilipo". Mkwaju unaofuata huunganisha majina ya folda, na Python yenyewe huamua mkwaju upi uandikwe katika mashine husika. Ndiyo maana hakuna C: wala /home iliyoandikwa kwa mkono.

Maneno utf-8-sig huiambia Python isome herufi kwa kanuni moja kila mahali, na iruke alama isiyoonekana ambayo baadhi ya programu za majedwali huiweka mwanzoni mwa faili. Bila kanuni hiyo, herufi za Gĩkũyũ kama ĩ na ũ, au alama iliyopinda katika neno ng'ombe, zinaweza kusomeka kama uchafu zikitoka mashine moja kwenda nyingine.

Nafasi nne mwanzoni mwa baadhi ya mistari si mapambo. Python huzitumia kujua ni maagizo yapi yanarudiwa kwa kila mstari wa faili na yapi yanafanyika mara moja tu mwishoni.

KOSA LINALOSEMA NA KOSA LINALONYAMAZA

Skripti ikikwama, Python huandika ujumbe mrefu. Anayeanza aanze na mstari wa mwisho. FileNotFoundError humaanisha faili haikupatikana: huenda jina limekosewa, au folda si ile. KeyError inayotaja kiasi humaanisha safu ya jina hilo haimo katika mstari wa kwanza wa faili. ValueError humaanisha mahali pa tarakimu pameandikwa kitu kingine, kwa mfano 500/= badala ya 500. Makosa haya yanaudhi, lakini ni rafiki kwa sababu yanajitangaza.

Kosa la hatari ni lile linalonyamaza. Mtu akichapa 1,000 moja kwa moja katika faili ya csv, koma hiyo itachukuliwa kuwa mpaka wa safu. Skripti itasoma 1 na kuendelea, na shilingi 999 zitapotea kwenye jumla bila ujumbe wowote. Kwa hiyo kiasi huandikwa kwa tarakimu tupu: 1000.

Hii pia ndiyo sababu ya skripti kutaja idadi ya mistari iliyosomwa. Mweka hazina ahesabu stakabadhi za karatasi na kulinganisha idadi, kisha ajumlishe ukurasa mmoja kwa kikokotoo. Kikundi kiiamini skripti baada tu ya kuipima kwa hesabu ambayo jibu lake tayari linajulikana.

SKRIPTI YA PILI: NAKALA KWENYE FLASHI

Nakala iliyo katika laptopu ile ile haimsaidii aliyeibiwa laptopu. Lazima itoke nje. Ugumu ni kwamba flashi nayo ina anwani tofauti: Windows huipa herufi kama E:\, Linux mara nyingi huiweka chini ya /media, na Mac huiweka chini ya /Volumes. Badala ya skripti kubahatisha, anayeiendesha ndiye anayeitajia mahali. Unda faili iitwayo nakili.py:

import shutil
import sys
from datetime import date
from pathlib import Path

if len(sys.argv) < 2:
    sys.exit("Andika mahali pa kuweka nakala.")

lengo = Path(sys.argv[1])
if not lengo.exists():
    sys.exit("Mahali hapo hapaonekani. Je, flashi imechomekwa?")

chanzo = Path.home() / "kikundi"
hifadhi = lengo / "nakala" / date.today().isoformat()
hifadhi.mkdir(parents=True, exist_ok=True)

idadi = 0
for faili in sorted(chanzo.glob("*.csv")):
    shutil.copy2(faili, hifadhi / faili.name)
    print("Imenakiliwa:", faili.name)
    idadi = idadi + 1

print("Jumla ya faili:", idadi)

Kuiendesha katika Windows, iwapo flashi ni E:

py nakili.py E:\

Katika Mac, iwapo flashi inaitwa HESABU:

python3 nakili.py /Volumes/HESABU

Katika Linux, andika anwani ya flashi kama inavyoonekana kwenye programu ya faili. Jina la flashi likiwa na nafasi katikati, zungushia anwani nzima alama za kunukuu.

Skripti inaanza kwa kukagua. Kama mahali hapakutajwa, au flashi haijachomekwa, inasimama na kusema kwa Kiswahili nini kimekosekana. Ikiridhika, inaunda folda yenye tarehe ya siku hiyo na kunakili kila faili ya csv. Haifuti chochote katika folda ya hesabu. Nakala za wiki zilizopita zinabaki, hivyo kosa lililoingia Jumamosi hii linaweza kulinganishwa na hesabu za Jumamosi iliyopita. Ikiendeshwa mara mbili kwa siku moja, nakala ya pili huchukua nafasi ya ile ya kwanza ya siku hiyo.

Jumla ya faili ikiwa 0, nakala haijafanyika hata kama hakuna kosa lililotajwa. Angalia kama folda inaitwa kikundi kwa herufi ndogo, na kama faili zinaishia na csv na si CSV.

KANUNI ZA SKRIPTI INAYOSAFIRI

1. Majina ya faili na folda yawe kwa herufi ndogo, bila nafasi. Tumia kistari: michango-machi.csv.

2. Usitumie alama za : ? * katika majina. Windows huzikataa. Saa 10:30 haiwezi kuwa sehemu ya jina la faili huko.

3. Tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-03-08. Zikipangwa kwa majina, faili zitajipanga pia kwa wakati.

4. Usiandike anwani ya mashine moja ndani ya skripti. Tumia Path.home(), au mwache anayeiendesha ataje mahali.

5. Taja kanuni ya herufi kila unapofungua faili ya maandishi.

6. Ijaribu skripti katika angalau mifumo miwili, kwa faili za majaribio, kabla ya kuikabidhi hesabu halisi.

DATA NI ZA WANACHAMA

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu azikusanye kwa kusudi lililotajwa, azilinde, na asizikae nazo kuliko inavyohitajika. Kwa sababu hiyo mfano wa somo unatumia M01 na M02 badala ya majina, nambari za simu au za kitambulisho. Orodha inayoonyesha M01 ni nani inaweza kubaki katika kitabu kinachofungiwa na katibu.

Anayefanya kazi katika saiba awe mwangalifu zaidi. Ajifunze kwa faili za mfano tu, na akimaliza ahakikishe hakuna faili ya kikundi iliyobaki katika mashine hiyo. Flashi ya nakala isikae katika mkoba mmoja na laptopu, maana mwizi atabeba vyote viwili. Mwanachama mwingine aitunze.

Vile vile, mtu asiendeshe skripti aliyotumiwa ambayo hawezi kuisoma. Skripti ina uwezo wote alio nao anayeiendesha, ukiwemo uwezo wa kufuta faili zake zote.

ZOEZI LA WIKI

Kwanza, ongeza mistari miwili katika michango.csv, kisha kadiria jumla kichwani kabla ya kuendesha jumla.py. Pili, andika kwa makusudi 500/= katika mstari mmoja, usome ujumbe wa kosa, kisha urekebishe. Tatu, badilisha "*.csv" kuwa "*.py" katika nakala ya skripti ya pili, uone ni faili zipi zinazobebwa sasa. Skripti zenyewe pia zinahitaji kulindwa.

Zoezi la nne ndilo kubwa kuliko yote, na linahitaji watu wawili. Katibu anampa mweka hazina flashi. Mweka hazina anaichomeka katika kompyuta yenye mfumo endeshi tofauti, ananakili faili za csv na jumla.py katika folda ya kikundi aliyoiunda, na kuendesha skripti bila msaada wa katibu. Jumla ikitoka sawa na ile ya laptopu ya katibu, kikundi kina nakala ya kweli. Ikitoka tofauti, au ikikataa kufunguka, kasoro imegunduliwa mapema. Zoezi hilo lirudiwe angalau mara moja kila mwezi, na matokeo yake yasomwe katika mkutano pamoja na kumbukumbu nyingine, ili kila mwanachama ajue hesabu zake ziko wapi.